Siku Tisini za Kazi

Siku ile walifungiwa wote wawili, na hilo Hamida aliliweza.

Wakaguzi wa viuatilifu walifika Kitangari Jumanne ya pili ya Juni, watu watatu kwenye gari jeupe. Walianzia duka la Yuliana, wakavuka barabara wakaingia kwa Hamida. Walisema kuna malalamiko. Wakulima wamepuliza salfa mara mbili, alfajiri na umande wake kama inavyotakiwa, na bado mikorosho ina ugonjwa wa ubwiriunga, maua yamekuwa meupe kama yamenyunyiziwa majivu. Kwa hiyo salfa yote iliyoko madukani inachunguzwa. Wakachota kidogo huku na kule wakatia kwenye vifuko, wakaandika, wakawatoa watu nje, wakazungusha utepe mwekundu na mweupe mlangoni, wakabandika na karatasi yenye muhuri. Mkubwa wao, kijana mrefu aliyejitambulisha kwa jina la Godfrey, alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo mama. Pole sana. Ni utaratibu tu."

"Marahaba. Utaratibu wa siku ngapi, mwanangu?"

"Tumepewa siku tisini za kazi kumaliza uchunguzi. Lakini mara nyingi hazifiki."

Jioni ile Hamida alivuka barabara akakaa barazani kwa Yuliana. Wakala muhogo wa kuchemsha, wakacheka mpaka machozi. Wawili hawa walichezwa unyago mwaka mmoja, na Yuliana hakuacha kumkumbusha.

"Mwali mwenzangu," alisema, "tumewekwa ndani tena. Na uzee huu!"

"Safari hii hata ngoma hatupigiwi," Hamida akajibu.

Basi, siku hizo zilikuwa nzuri, ukizitazama vizuri. Kufungiwa wawili ni kama kunyeshewa wawili. Unalowa, lakini una mwenzako wa kumcheka.

Siku ya kumi na saba, gari jeupe likarudi. Hamida alikuwa anachambua mbaazi uani aliposikia breki. Alitoka mbio, kitenge kinamdondoka. Godfrey akashuka na mkasi, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Yuliana, akakata utepe. Yuliana akapiga kigelegele, na watu wa sokoni wakamwitikia. Hamida naye akapiga, maana angefanyaje? Alisimama pale kwenye mlango wake mwenyewe anasubiri mkasi uvuke barabara. Godfrey akavuka. Mkononi hakuwa na mkasi.

"Mama Ashraf, yako bado iko kwenye mchakato."

"Mchakato gani tena? Si mlikuja siku moja?"

"Ni kweli. Ila kwa mwenzako mifuko yote ilikuwa imeshonwa, haijafunguliwa. Kwako tumekuta mifuko minne imefunguliwa, unapima kwa kopo. Mfuko ukishafunguliwa, sampuli moja haitoshi. Inabidi ipimwe mara ya pili."

Hamida alitaka kumwambia ni kwa nini anapima kwa kopo. Kitangari nzima inajua. Salfa ya ruzuku ikichelewa au ikiwa pungufu, wenye mikorosho mia mbili wanakwenda kwa Yuliana wanabeba mfuko mzima. Lakini Bibi Zabibu mwenye mikorosho kumi na moja ataupeleka wapi mfuko mzima? Huyo anakuja kwa Hamida na kifuko chake, anapimiwa makopo matatu, anaondoka anashukuru. Kwa hiyo aliyewahurumia wenye shida ndiye aliyebaki na utepe mlangoni. Akasema tu, "Haya, mwanangu. Mimi nipo."

Tangu siku hiyo Hamida hakuwa na kazi nyingine ila kutazama upande wa pili wa barabara.

Alijua Yuliana anafungua saa ngapi, anafunga saa ngapi. Alijua pikipiki ngapi zimesimama na ipi imebeba mifuko miwili. Alijua kwamba Yuliana ameweka benchi jipya, na kwamba ukuta umepakwa chokaa. Hata kicheko cha Yuliana, ambacho miaka yote alikipenda, sasa kilikuwa kinavuka barabara kinaingia ndani kwake bila hodi. Watu wa kwake, aliowapimia yeye, wakawa wanakwenda kule na vifuko vyao. Na Yuliana, mwanamke mjanja, akanunua kopo!

Kila Jumatatu Hamida alimpigia Godfrey simu.

"Iko kwenye mchakato, mama."

"Siku arobaini sasa, baba."

"Unahesabu na Jumamosi na Jumapili? Hizo hazimo. Na sikukuu hazimo. Za kazi, mama, bado hata thelathini hazijafika."

Hata hesabu ya siku zenyewe ilikuwa imemgeuka. Kwake siku ilikuwa siku, jua linatoka linazama. Kumbe ofisini kuna siku zinazohesabika na siku zisizohesabika, na maua ya korosho hayakupewa taarifa hiyo. Yenyewe yalikuwa yanachanua Jumamosi na Jumapili vilevile.

Lakini kilichomuuma kupita vyote kilikuwa jina. Mlango uliofunguliwa umesafishwa, mlango uliofungwa una jambo. Ndivyo watu walivyochukulia. Vijana wa bodaboda wakaanza kumtania kwamba salfa yake ni unga.

"Mama Ashraf! Nipimie sembe kilo mbili, nikapulizie mikorosho!"

"Kwako kuna dona au kuna ya kukoboa tu?"

Hamida aliwajibu kwa utani, kwa sababu ukikasirika umekubali. "Njoo nikupimie, uende ukampikie mama yako, amechoka kula mihogo!" Wakacheka, naye akacheka, akaingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

Bombani ikawa hivyohivyo. Maji ya Kitangari yana siku zake, na yakitoka, foleni ya ndoo inafika mpaka njiani. Asubuhi moja Hamida alipanga ndoo yake, ikawa ya kumi na mbili kwenye foleni, akasimama. Yuliana akaja amechelewa, hata hajafunga kilemba vizuri.

"Mama Vitalis, lete ndoo yako huku mbele," mama mmoja akamwita. "Wewe una wateja wanakusubiri. Na mimi usinisahau ule mfuko wangu, baba watoto anakuja kuuchukua mchana."

Ndoo ya Yuliana ikapitishwa mkono kwa mkono. Ikaipita ndoo ya Hamida. Hamida mwenyewe ndiye aliyeipokea na kuisogeza, maana ilimfikia mikononi.

"Ahsante, mwali mwenzangu," Yuliana akasema. "Za kwako? Bado hawajaja?"

Aliuliza kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyochoma. Angemcheka ingekuwa afadhali.

"Watakuja," Hamida akasema. "Haraka ya nini?"

Wiki ile ile, mumewe Swalehe akafanya jambo ambalo Hamida hakuwahi kulitegemea maishani. Alirudi na baiskeli, nyuma amefunga mfuko wa salfa kwa mpira. Hamida hakuhitaji kuuliza. Ulikuwa na alama ya chaki nyekundu ambayo Yuliana huwawekea wateja wake.

"Baba Ashraf. Hiyo umetoa wapi?"

"We unafikiri nimeokota?"

"Mume wa mwenye duka la salfa anakwenda kununua salfa kwa jirani. Mchana. Watu wanaona."

"Mke wangu, salfa yako iko nyuma ya utepe wa serikali. Nikaikate kwa meno?" Swalehe alikuwa anafungua mpira, hamtazami. "Nimezunguka shambani leo. Ile ya upande wa bondeni imeshaanza kupata weupe. Nikingoja uchunguzi wako uishe, Oktoba nitaokota majani."

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Yeye. Ulipoingia."

Swalehe akakuna kidevu. "Alisema nikupe salamu. Akanipa na chai."

Chai! Hamida alikataa ule mfuko usiingie ndani, ukalala barazani kama mgeni aliyefukuzwa. Alfajiri Swalehe alikwenda nao shambani peke yake, na mashine ya kupulizia begani. Hamida alibaki anausikia mlio wake kwa mbali, *vuuu*, *vuuu*, akawaza kwamba hata mikorosho yake mwenyewe sasa inanuka duka la Yuliana.

Siku tatu baadaye akaandika barua.

Aliandika kwenye karatasi ya daftari, herufi kubwa tupu, ili mwandiko usijulikane. Mkono ulimuuma. Aliandika kwamba salfa ya duka la Yuliana na salfa ya duka lililofungiwa zilikuja gari moja, mzigo mmoja. Hilo lilikuwa kweli, walikodi Fuso pamoja kutoka Masasi, kama kila mwaka. Kisha akaandika kwamba Yuliana anachanganya salfa na unga wa muhogo. Hilo halikuwa kweli. Alilitazama neno *muhogo* kwa muda, likaanza kumpendeza. Mwisho akaweka: KWA NINI YEYE AMEFUNGULIWA? MWANANCHI MWEMA.

Newala hakuthubutu kuipeleka, kule anajulikana. Alimwambia Swalehe anakwenda kumwona mdogo wake aliyeolewa Lisekese, na kweli alikwenda, akala hata wali wake. Lakini kwanza alipita Masasi mjini, kwenye ofisi ya wakaguzi. Ukutani kulikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli lililoingia kutu. Akatumbukiza.

"Hilo linafunguliwa lini?" alimuuliza dada wa mapokezi, kama mtu anayeuliza tu.

"Mwisho wa mwezi, mama. Likifunguliwa."

Hamida akakata tamaa palepale. Kumbe hakumjua Godfrey. Kijana yule alikuwa anafungua sanduku kila Ijumaa, kwa mkono wake. Uchunguzi wa Hamida ulikuwa na siku hamsini na nane. Barua yake ilichukua siku sita tu kufanyiwa kazi.

Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Agosti, saa tatu asubuhi, gari jeupe likasimama mbele ya duka la Yuliana. Wateja watano walikuwepo. Wakatolewa nje, na mmoja alikuwa ameshalipia na mfuko hajapewa. Mkaguzi mwenzake Godfrey akachota sampuli, safari hii kutoka kwenye mifuko iliyofunguliwa ya kopo jipya, akazifunga kwenye boksi, akadaka gari lililokuwa linashuka Masasi. Godfrey akabaki anazungusha utepe.

Hamida aliyaona yote kutoka dirishani. Moyo wake ulikuwa unaruka kama wa msichana. Aliona Yuliana amesimama na mikono imening'inia, hajui pa kuiweka, akasikia utamu mdomoni, kabisa, kama amelamba asali. Akajifunga kitenge kingine, kile kizuri, akatoka nje kumpa pole.

Hakufika. Godfrey alimkuta katikati ya barabara.

"Mama Ashraf, shikamoo. Nilikuwa nakuja kwako." Alionekana amechoka. "Pole sana, mama. Yako ilikuwa imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Majibu ya pili yalirudi Jumatano ya wiki iliyopita. Salfa yako safi, haina tatizo lolote. Barua ya kukufungulia nimeichapa mwenyewe, ilikuwa inangoja saini yangu tu. Leo hii ningekuja na mkasi." Akapangusa jasho. "Sasa Ijumaa tukapata barua ya mtu. Anasema mzigo wako na wa mwenzako ni mmoja, na kwamba unachanganywa na unga. Kama mzigo ni mmoja na duka moja lina tuhuma, siwezi kufunga jalada la duka jingine. Yameunganishwa."

"Yameunganishwa," Hamida akarudia.

"Na siku zinaanza upya. Tisini."

"Za kazi?"

"Za kazi, mama."

Hamida akajaribu kuhesabu, akashindwa. Yuliana, aliyekuwa amesogea, akahesabu kwa ajili yake. "Desemba hiyo," alisema. "Korosho zitakuwa zimeshapelekwa ghalani, watu wameshanunua na nguo za Krismasi." Akamshika Hamida bega. "Unaona, mwali mwenzangu? Kuna mtu ametukalia vibaya sisi wawili. Mimi na wewe! Tumemkosea nini?"

Ule mkono begani ulikuwa mzito kama gunia.

"Hamna namna?" Hamida akamuuliza Godfrey.

"Namna ni mlalamikaji mwenyewe. Angekuwa na jina ningemwita, nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akisema hana, akaandika maelezo na kuweka sahihi, malalamiko yanafutwa siku hiyohiyo na barua yako nasaini mimi. Lakini huyu hana jina. Amejiita mwananchi mwema."

"Mwema!" Yuliana akatema pembeni. "Nimpate mimi huyo mwema."

Godfrey akawaaga, akaanza kuelekea kwenye gari. Hamida alimtazama mgongo unavyokwenda. Kulikuwa na wiki tatu za kupuliza zilizobaki, labda nne kwa mashamba ya juu yaliyochelewa kuchanua. Alifikiria sembe na dona. Alifikiria Desemba. Kusema kweli, Yuliana hakumfikiria wakati ule. Alifikiria mlango wake.

"Godfrey. Mwanangu, ngoja. Nataka tuongee pembeni."

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu hiyo barua."

Kijana alimtazama, akaelewa kabla hajaambiwa, ukamwona uso unabadilika. Akafungua mkoba wake akatoa karatasi. "Pembeni haiwezekani, mama," alisema taratibu. "Maelezo yanasomwa mbele ya anayelalamikiwa. Ndiyo sheria yenyewe."

Kwa hiyo walikaa kwenye benchi jipya la Yuliana, watu watatu, mbele ya mlango wenye utepe. Wale wateja watano hawakuwa wameondoka. Hamida akaandika: *Mimi Hamida, mfanyabiashara wa Kitangari, ndiye niliyeandika barua. Kuhusu unga sijaona wala sijasikia. Niliandika kwa sababu ya roho yangu.* Godfrey akasema hilo la roho si lazima. Hamida akaliacha libaki. Kisha Godfrey akasoma kwa sauti.

Yuliana hakupiga kelele. Kama angepiga kelele Hamida angejua la kufanya, wameshagombana mara nyingi tangu wakiwa wasichana. Alikaa tu anatazama ile karatasi ya daftari ambayo Godfrey aliitoa kuilinganisha.

"Herufi kubwa zote hizi," akasema mwishowe. "Mkono haukukuuma?"

"Uliniuma."

"Unga wa muhogo. Muhogo uliokula kwangu?"

Hamida akamrudishia Godfrey kalamu yake.

"Si ungevuka tu barabara, Hamida. Ungekuja ukasema, Yuliana nina wivu. Ningekucheka, halafu ningekupa kiti ukae dukani kwangu, tuuze wote." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina, bila Mama Ashraf, bila mwali.

Godfrey akasaini, akachukua mkasi, akavuka. Utepe wa Hamida ukaanguka chini saa tano kasorobo. Shughuli yote ya kuandika na kusoma ilikuwa imechukua kama nusu saa.

"Na wa kwangu?" Yuliana akauliza kutoka ng'ambo.

Godfrey akakuna kichwa. "Mama, malalamiko yamefutwa. Ila sampuli zako zimeshaondoka, ziko njiani. Sampuli ikishatoka na namba yake, lazima majibu yarudi ndipo nifungue. Nitajitahidi ziwahi."

"Lini?"

"Iko kwenye mchakato, mama."

Wateja wale watano wakatazamana. Mmoja mmoja wakavuka barabara, na Hamida akafungua dirisha lake lenye vumbi la wiki nane. Mpaka adhuhuri kulikuwa na foleni. Pikipiki zilisimama nne kwa mpigo. Hakuna aliyetaja sembe. Bibi Zabibu alikuja na kifuko chake, akapimiwa makopo matatu, akalihesabu kila kopo kwa mdomo.

"Na ni wewe uliyeandika ile barua?" aliuliza, bila ubaya wowote, kama anauliza kama mvua imenyesha.

"Ni mimi, bibi."

"Haya. Ongeza kidogo hapo juu, hujajaza."

Hamida akajaza. Alikuwa ameota foleni hii tangu Juni, na sasa ilikuwepo mbele yake, mikono imenyooshwa, watu wanamwita Mama Ashraf, Mama Ashraf, nihudumie mimi kwanza.

Bibi Zabibu akafunga kifuko, akavuka. Hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwenye benchi la Yuliana akakaa, akaweka salfa yake miguuni. Alikuwepo tayari yule mama wa bombani, na vijana wawili wa bodaboda waliokwisha kununua. Kila aliyehudumiwa na Hamida alikuwa anavuka na mzigo wake, anakwenda kusema pole, na akishasema pole anakaa. Mtu mmoja alileta birika. Yuliana alikuwa na macho mekundu, lakini kijana mmoja wa bodaboda alimwambia kitu, Yuliana akamsukuma kwa mkono, halafu akacheka, na benchi zima likacheka naye.

Hamida alisimama dirishani na kopo mkononi.

"Mama Ashraf," mteja akamwita. "Mama Ashraf! Unanipimia au hunipimii?"

"Nakupimia," alisema, na macho yake bado yako ng'ambo, anahesabu waliokaa.